Siku kumi za kuwafahamu Wakhmer, kutoka Chaktomuk hadi Choeung Ek

Safari nyingi za Kambodia huanza kinyume. Mgeni anatua Siem Reap usiku, anaamshwa saa kumi alfajiri kwenda kupiga picha ya jua nyuma ya minara ya hekalu la Angkor Wat, na ikifika siku ya tatu mahekalu yote yameshakuwa mawe tu machoni pake. Ratiba hii inafuata mpangilio wa karne, na pia inafuata maji, kwa kuwa Wakhmer, kabila kuu la nchi hii, walipanda na kushuka kadiri walivyoweza kuyashika maji. Angkor Wat inasubiri mpaka siku ya sita.

Mwezi mzuri ni Desemba. Mvua zimekatika, joto ni la kuvumilika, na ziwa Tonle Sap bado limejaa. Fomu ya kuingia nchini (e-Arrival) hujazwa mtandaoni ndani ya siku saba kabla ya kufika. Beba dola za Marekani zisizo na mkunjo wala mchaniko, hasa noti za 1, 5 na 10, maana noti yenye tundu dogo tu hukataliwa sokoni. Senti za dola hazitumiki. Chenji hurudi kwa rieli, na dola moja ni rieli 4,000 na kidogo.

Siku ya 1: Phnom Penh, mto na makumbusho

Anza ukingoni, mbele ya kasri la mfalme, mahali panapoitwa Chaktomuk, yaani nyuso nne. Mekong, Tonle Sap na Bassac hukutana hapo na kufanya mikono minne ya maji. Mto Tonle Sap una tabia ya pekee. Kuanzia Mei au Juni Mekong hufura kwa mvua na theluji iliyoyeyuka juu huko, maji yake yanausukuma Tonle Sap urudi nyuma, nao unaingia ziwani badala ya kutoka. Kufikia Oktoba au Novemba unageuka tena na kuteremka kuelekea baharini. Sikukuu ya maji, Bon Om Touk, yenye mashindano ya mitumbwi, huangukia mwezi mpevu wa wakati huo.

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika tano hadi Makumbusho ya Taifa, jengo jekundu lililofunguliwa mwaka 1920. Ingia uanzie kushoto na uuzunguke ua, ndipo karne zitakapofuatana. Simama kwanza mbele ya Vishnu, mungu wa Kihindu, mwenye mikono minane kutoka Phnom Da. Sanamu hiyo ilichongwa kabla ya Angkor, mji mkuu wa kale wa Wakhmer, kuwapo, na mchongaji hakuiamini miguu peke yake kubeba uzito wa mikono hiyo: aliacha tao la jiwe linaloizunguka na kuishikilia. Tazama pia mavazi. Mikunjo ya nguo ya kiunoni, umbo la midomo na mtindo wa nywele ndivyo wataalamu wanavyotumia kujua sanamu ni ya karne gani. Ukijifunza kuvisoma leo, siku zijazo utajua umri wa hekalu kabla mwongozaji hajafungua kinywa.

Sanamu nyingine zina nyayo mpya au kovu kwenye vifundo vya miguu. Hao waliibwa. Wezi waliwakata miguuni wakaacha nyayo na misingi yao ya mawe mahali pake, na misingi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ushahidi. Duryodhana, shujaa wa utenzi wa Kihindi Mahabharata, wa hekalu la Koh Ker, aliondolewa kwenye mnada New York mwaka 2011, akarudishwa kwao mwaka 2014.

Siku ya 2: lugha, heshima na kinu

Asubuhi nzima ni ya lugha, na saa tatu hazipotei bure. Kikhmer hakina toni kama Kithai au Kivietinamu, kwa hiyo ulimi wa Mswahili haupati shida sana. Shida iko kwenye maandishi. Konsonanti ni 33, nazo zimegawanyika katika makundi mawili. Alama ileile ya irabu hutamkwa tofauti kutegemea konsonanti iliyoibeba ni ya kundi lipi. Anayejifunza irabu peke yake hukwama wiki ya kwanza. Jifunze konsonanti pamoja na kundi lake tangu mwanzo. Maandishi ya Kikhmer ya zamani kabisa yenye tarehe ni ya mwaka 611, kutoka Angkor Borei kusini mwa Phnom Penh.

Hesabu huishia tano kisha inajirudia: muoy, pi, bei, buon, pram, halafu pram-muoy, pram-pi, pram-bei, pram-buon, na kumi ni dop. Wamakua na Wamakonde hawataona ajabu, wao pia huhesabu sita kama tano na moja.

Watu hawaitani kwa majina tu. Aliyekuzidi umri kidogo ni bong, aliye mdogo wako ni oun, mwenye umri wa mama mdogo ni ming, wa mjomba ni pu, na wazee ni ta na yeay, babu na bibi. Kumwita mwenye duka "wewe" kunasikika vibaya kama kwetu tu. Salamu, sampeah, ni viganja viwili pamoja, na kimo chake kinasema mengi: kifuani kwa rika lako, mdomoni kwa mkubwa wako, puani kwa mzazi au mwalimu, kwenye nyusi kwa mtawa au mfalme, kwenye paji la uso kwa Mungu. Wageni wengi hupandisha juu sana wakidhani wanazidisha adabu, na muuza mboga anabaki akicheka. Mwanamke asimguse mtawa wa Kibudha, hata kumpa kitu mkononi. Akiweke chini au kwenye kitambaa. Kichwa cha mtoto hakipapaswi.

Mchana ni jikoni. Msingi wa mapishi ni kroeung, viungo vibichi vilivyotwangwa. Kwa watu wanne: mabua manne ya mchaichai (sehemu nyeupe tu), kipande cha khulinjani cha sentimita nne, manjano mbichi sentimita tatu, punje sita za kitunguu saumu, vitunguu vidogo vitatu, majani manne ya ndimu yenye maganda ya makunyanzi, na pilipili kavu tatu zilizolowekwa. Katakata kwanza, ndipo utwange, ukianza na mchaichai kwa sababu una nyuzi ngumu. Mashine ya kusagia huziacha zile nyuzi nzima na mlaji anazitema.

Amok ni samaki ndani ya jani la mgomba. Changanya kroeung na tui zito kiasi cha mililita 400, yai moja, kijiko kikubwa cha sukari ya mvumo, vijiko viwili vya maji ya chumvi ya samaki na kijiko kidogo cha prahok, samaki waliochachushwa kwa chumvi. Koroga upande mmoja mpaka uzito uonekane, tia nusu kilo ya minofu ya samaki, jaza kwenye vikombe vya majani, pika kwa mvuke dakika 25 hadi 30. Jani lisilopitishwa kwenye moto kwanza hupasuka pembeni. Tui jepesi huacha mchuzi badala ya kitu kinachoshikana, na manjano zikizidi huleta uchungu.

Prahok ndiyo roho ya jiko. Samaki hukatwa vichwa, hupondwa, huoshwa mafuta yatoke, huanikwa siku moja, kisha hutiwa chumvi na kufungiwa mtungini wiki tatu au zaidi. Wa bei wanakaa miaka. Harufu yake usiihukumu ikiwa mbichi. Waislamu wataipata halali kwa Wacham, jamii ya Waislamu wa Kambodia, ambao wana vibanda karibu na msikiti wa Al-Serkal mjini Phnom Penh na karibu na msikiti wa Siem Reap pia.

Jioni chukua gari la Kampong Thom, kama kilomita 165.

Siku ya 3: Sambor Prei Kuk

Hapa palikuwa Isanapura, mji mkuu wa Chenla, ufalme wa Wakhmer wa kabla ya Angkor, katika karne ya 7, zaidi ya miaka 150 kabla ya Angkor. Mahekalu ni ya matofali, na kumi kati yake yana pembe nane, umbo lisilo la kawaida kwa Wakhmer wa baadaye. Kwenye kuta utaona majumba yaliyochongwa kana kwamba yanapaa angani. Miti imekumbatia baadhi ya minara. Mashimo ya mviringo msituni ni ya mabomu ya Marekani ya miaka ya 1970. Usitoke nje ya njia.

Ukielekea Siem Reap kwa barabara namba 6, simama Kampong Kdei. Daraja la Spean Praptos la enzi za Angkor lina urefu wa karibu mita 87 na matao zaidi ya ishirini. Kwa nini mengi hivyo? Wajenzi wa Khmer hawakutumia tao la kweli lenye jiwe la kufungia katikati. Walitokeza kila jiwe kidogo juu ya lile la chini mpaka pande mbili zikutane. Tao la namna hiyo haliwezi kuwa pana, hivyo daraja linahitaji nguzo nene nyingi, na mto ukifurika unapita kwa taabu. Mbinu hiyohiyo ndiyo iliyofanya kumbi za mahekalu ziwe nyembamba kama vichochoro. Hazikujengwa kwa ajili ya umati kusali ndani.

Siku ya 4: Phnom Kulen

Mwaka 802 Jayavarman II alitawazwa juu ya mlima huu kuwa mfalme wa wote, na mwaka huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa dola ya Angkor. Barabara ni nyembamba: magari hupanda asubuhi na kushuka mchana, kwa hiyo anayechelewa kutoka mjini hukuta njia imefungwa. Tiketi ni dola 20, mbali na ile ya Angkor.

Kinachofaa kuangaliwa kwa utulivu ni mto. Kitanda chake kimechongwa mamia ya lingam, vijiwe vya duara vya mungu Shiva wa Kihindu, ili maji yatakaswe yakipita juu yake kabla ya kuteremka kwenye mashamba ya uwanda. Miale ya leza kutoka kwenye helikopta, mwaka 2012, ilionyesha chini ya msitu mitaa iliyonyooka ya mji mzima, Mahendraparvata. Mlima ulikuwa ngome ya Khmer Rouge, wakomunisti walioitawala nchi miaka ya 1970, na mabomu ya ardhini yalizikwa mengi, kwa hiyo tumia mwongozaji wa hapohapo.

Rudi mapema upite ofisi ya tiketi za Angkor. Siku moja ni dola 37, tatu ni 62 na saba ni 72. Ile ya siku tatu inatumika siku zozote ndani ya siku kumi, nayo inatosha. Picha yako hupigwa papo hapo. Tiketi ya mtu mwingine haikubaliki.

Siku ya 5: Roluos, Baray ya Magharibi na Banteay Srei

Asubuhi ya Roluos, penye mahekalu ya mwanzo ya Angkor, ndiyo ufunguo wa yote, ingawa watalii wengi huiruka. Mfalme Indravarman I alitawala kuanzia 877, na alifanya mambo matatu kwa mpangilio ulioigwa na wafalme waliomfuata. Kwanza bwawa, Indratataka, lenye urefu wa karibu kilomita nne. Pili hekalu la wahenga, Preah Ko, mwaka 879. Mwisho hekalu lake mwenyewe lenye umbo la mlima, Bakong, mwaka 881. Maji, wahenga, mfalme. Mwanawe Yasovarman akaongeza Lolei mwaka 893 kwenye kisiwa katikati ya bwawa la baba yake. Leo kisiwa hicho kiko katikati ya mashamba ya mpunga.

Ukitaka kuona bwawa linalofanya kazi bado, nenda Baray ya Magharibi, karibu kilomita 8 kwa 2. Halikuchimbwa. Kingo za udongo zilirundikwa juu ya uwanda, kwa hiyo maji yanakaa juu kuliko mashamba na kuteremka yenyewe bila kuvutwa. Udhaifu uko hapohapo: maji ya mlimani huleta mchanga, mifereji inajaa, na isipozolewa kila mwaka mto hutafuta njia nyingine. Katika karne ya 14 na ya 15 ukame wa miaka mingi ulifuatana na mafuriko makali, na mfumo uliokuwa umeshakuwa mkubwa mno na mzito kurekebishika ukararuka. Jeshi la Ayutthaya, ufalme wa Wathai, lililoiteka Angkor mwaka 1431 liliukuta mji ambao tayari ulikuwa na kiu.

Alasiri, Banteay Srei, hekalu dogo la jiwe la waridi lililowekwa wakfu mwaka 967. Halikujengwa na mfalme bali na Yajnavaraha, mwanachuoni wa ikulu. Nakshi zake zimezama kama za mbao. Njiani, kijiji cha Preah Dak, wapo wagema wa mvumo. Mti huu ni ndugu wa mvumo wetu wa Afrika. Mgema hupanda kwa ngazi ya mwanzi, huminya shina la maua kwa koleo la mbao siku kadhaa, kisha hukata ncha na kuning'iniza kibuyu cha mwanzi usiku kucha. Ndani hutia vibanzi vya mti mchungu ili maji yasichachuke. Asubuhi huchemshwa kwa saa kadhaa, kisha hukorogwa mpaka yagande. Akichelewa kuteremsha, hana sukari tena, ana tembo.

Siku ya 6: Angkor Wat

Lango hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Umati hujaa kwenye kidimbwi cha kushoto kupiga picha. Badala ya kubanana hapo, ingia moja kwa moja kwenye varanda za nakshi, ambazo saa hiyo hazina mtu.

Hekalu lilijengwa na Suryavarman II katika nusu ya kwanza ya karne ya 12 kwa ajili ya Vishnu, nalo linatazama magharibi, upande wa machweo na wafu. Nakshi husomwa kinyume cha saa: ingia magharibi, geuka kulia, uache kitovu cha hekalu mkono wa kushoto. Mzunguko huo ni wa mazishi katika desturi za Kihindu, na ni sababu mojawapo ya kudhani lilikusudiwa liwe kaburi la mfalme. Utapita vita vya Kurukshetra vya Mahabharata, kisha msafara wa mfalme mwenyewe, peponi na jehanamu, halafu upande wa mashariki ukuta wa mita 49: kusukwa kwa bahari ya maziwa. Majitu 92 na miungu 88 wanavuta nyoka mmoja aliyezungushwa mlimani, kama kamba ya kusukia, ili kutoa maji ya uzima. Povu lake ndilo linalozaa apsara, wasichana wa mbinguni wachezao ngoma.

Jinsi lilivyojengwa: kiini ni jiwe jekundu la laterite, juu yake jiwe la mchanga kutoka chini ya mlima Kulen, lililosafirishwa kwa mifereji. Hakuna saruji wala chokaa. Kila jiwe lilisuguliwa juu ya mwenzake mpaka lilingane. Matundu ya duara kwenye mawe si ya risasi, ingawa ya risasi nayo yapo. Ni ya vigingi vya kunyanyulia. Mzigo wote unakaa juu ya mchanga uliobanwa, na mchanga hushikamana ukiwa na unyevu. Handaki la maji lenye upana wa mita 190 si pambo peke yake, linausaidia unyevu huo. Ndiyo maana visima vya hoteli za mji, vinavyovuta maji ya ardhini, vinawanyima wahandisi usingizi.

Ghorofa ya juu, Bakan, inataka mabega na magoti yafunikwe, watoto chini ya miaka 12 hawapandi, na siku nne za ibada za Kibudha kila mwezi hufungwa. Angalia mwezi: siku ya nane na ya kumi na tano, ukikua na ukipungua.

Siku ya 7: Angkor Thom na Ta Prohm

Wacham wa Champa, ufalme jirani wa wakati huo, waliupiga mji wa Angkor mwaka 1177. Jayavarman VII aliwafukuza, akatawazwa mwaka 1181, akajenga kuliko mfalme yeyote, safari hii kwa imani ya Kibudha. Bayon, hekalu lake lililo katikati ya mji wake wa Angkor Thom, ingia lango la mashariki, geuka kushoto, kuta zikiwa kulia kwako. Upande wa kusini kuna vita vya majini, lakini tazama chini ya meli: wanawake wakiuza sokoni, mapigano ya majogoo, mzazi akijifungua, samaki akichomwa kwenye mishikaki. Mjumbe wa Kichina Zhou Daguan, aliyekaa hapa miaka ya 1296 na 1297, naye alishangaa kuwa biashara yote iko mikononi mwa wanawake. Masoko ya Siem Reap hayajabadilika kwa hilo.

Ta Prohm, la mwaka 1186, kila mtu anakwenda kwa ajili ya mizizi ya miti iliyokumbatia kuta. Mti ukikatwa ukuta unaanguka, ukiachwa unaupasua. Hivyo wahandisi hupogoa na kuweka nguzo. Jiwe la maandishi la humo lataja watu 12,640 walioishi ndani ya kuta na hospitali 102 nchini kote.

Siku ya 8: Tonle Sap, na ngoma jioni

Kampong Khleang ni bora kuliko vijiji vilivyo karibu na mji, ambako bei za mashua ni za kukomoa. Nyumba ziko juu ya nguzo zinazofikia mita 10. Desemba maji yako chini ya sakafu, Aprili unapita hapo kwa baiskeli. Ziwa hutanuka kutoka kama kilomita za mraba 2,500 hadi karibu 15,000. Msitu unaofunikwa na maji ndio kitalu cha samaki. Mwaka 2019 mto ulichelewa mno kugeuka, kwa uhaba wa mvua na mabwawa ya juu ya Mekong, na nyavu zikatoka tupu.

Jioni, ngoma. Ile ya Apsara inayouzwa hotelini kuwa ya miaka elfu ilitungwa katikati ya karne ya 20 chini ya Malkia Kossamak, mjukuu wake Buppha Devi akiwa mchezaji wa kwanza. Ishara zenyewe ndizo za kale: mkono huwa mti, jani, ua, tunda. Vidole hukunjwa nyuma tangu utotoni, ukubwani viungo havikubali tena. Sikiliza bendi ya pinpeat: roneat ni marimba, sralai ni zumari.

Siku ya 9: barabarani

Basi hadi Phnom Penh huchukua saa sita hivi. Chagua la mchana.

Siku ya 10: Tuol Sleng na Choeung Ek

Tuol Sleng ilikuwa shule ya sekondari. Khmer Rouge waliigeuza gereza S-21. Walitawala kuanzia 17 Aprili 1975 hadi 7 Januari 1979, na watu takriban milioni 1.7 wakafa. Bendera yao ilikuwa na minara ya Angkor. Waliwahamisha wakazi wa miji kwenda kuchimba mifereji na mabwawa kwa mikono, wakidai tani tatu za mpunga kwa hekta, huku wakiwaua wahandisi ambao wangepima mteremko wa maji. Mifereji mingi haikupitisha maji.

Chukua kifaa cha sauti cha kuongozea na utenge saa tatu. Jengo A ni vyumba vya mateso, B ni picha za wafungwa, C ni vijichumba vya matofali, na waya wa miiba mbele yake uliwekwa ili watu wasijirushe. Michoro ukutani ni ya Vann Nath, aliyeachwa hai kwa sababu aliweza kumchora Pol Pot, kiongozi wa Khmer Rouge. Mkuu wa gereza, Duch, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2012. Usipige picha ndani ya vyumba.

Choeung Ek, ambako wafungwa wa S-21 waliuawa na kuzikwa, iko kama kilomita 15 kusini. Makaburi 86 kati ya 129 yalifukuliwa na mabaki ya karibu watu 9,000 yakatolewa, mengine yameachwa. Tembea kwenye njia ya mbao pekee. Kila msimu wa mvua maji huosha udongo, na vipande vya nguo na meno huibuka juu. Usiviguse. Mwite mfanyakazi wa hapo, yeye ana chombo cha kuvikusanyia.